Muhogo Usiolala

Harufu ya muhogo uliolazwa inakupata kabla hujafika mlangoni. Ni kama pombe changa, gunia bichi na udongo wa chini ya mtungi, vyote pamoja, na kama hukuzaliwa upande wetu wa Kisegi utadhani kuna kitu kimekufa ndani ya nyumba. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Ilikuwa inakaa kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye sare yangu ya shule, na pale darasani msichana niliyeketi naye dawati moja, baba yake alikuwa na duka la unga wa mahindi, alikuwa ananisukuma kwa kiwiko na kusema, "Awino, sogea, unanuka ukungu." Nilikuwa na miaka kumi. Nilichukia muhogo kuliko nilivyochukia kiboko cha mwalimu, na hilo mlikumbuke, maana baadaye nitawataja watu na mimi mwenyewe nimo.

Binti yangu ana simu inayomfundisha kupika. Kila siku ni mapishi rahisi, dakika kumi, sufuria moja, mama usihangaike. Ananisomea, nami namsikiza huku damu inachemka. Sikatai urahisi. Maharagwe ukiyaloweka tangu jana yake, leo utapunguza kuni nusu nzima, huo ni urahisi wa haki. Omena, dagaa wetu wa ziwani, ukiimwagia maji ya moto, ukaiosha mpaka mchanga uishe, ukaianika ikauke kabla ya kuitia kwenye mafuta, haitapondeka na haitarukia mikono yako, na huo pia ni urahisi. Mboga chungu ukiichemsha ukamwaga maji ya kwanza, ukatia maziwa na kuiacha mpaka kesho, itakuwa tamu bila wewe kufanya lolote. Lakini kuna chakula ambacho kazi yake ndiyo dawa yake. Ukitoa kazi umebaki na sumu. Hilo simu haimwambii, na mimi nikimwambia ananiona mama wa zamani asiyejua kitu, eti kwa sababu niliachia shule darasa la tano. Niliiachia jikoni. Ngoja niseme ilikuwaje.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao mvua ilitukataa. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Mtama tulioshindania na ndege haukujaza hata debe. Kilichobaki shambani ni muhogo, tena ule mchungu, kwa sababu ule mtamu nguruwe pori na watoto walishaumaliza. Mama yetu alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kukohoa tu. Alituacha wawili, mimi na mdogo wangu Anyango wa miaka minne, mtoto wa kucheka mwenyewe kama mtu anayesimuliwa hadithi na mtu usiyemwona. Baba yetu, Obonyo, fundi wa baiskeli pale sokoni, hakukaa sana. Alituletea mama mwingine kutoka Oyugis. Jina lake Pamela, na majirani walimwita Nyar Oyugis, binti wa Oyugis, kwa heshima wakiwa naye na kwa kumcheka akigeuka.

Kule Oyugis kuna ndizi, kuna mahindi, na muhogo wao ni mtamu, unautoa shambani asubuhi unauchemsha unaula na chai. Kwetu sivyo. Muhogo mchungu unamenywa, unapigwa na jua nusu siku, kisha unalundikwa kwenye kona yenye giza na kufunikwa kwa majani na magunia. Unalala siku nne. Ukiufunua umeota ukungu, mweusi na wa kijani, wenye manyoya kama panya. Hapo ndipo unachukua kisu na kuukwangua, kipande kwa kipande, halafu unauvunja vidogo vidogo na kuuanika juu ya mwamba mpaka ukiukunja uvunjike kama chaki. Ukipinda, bado. Mama alinifundisha hivyo, na alipougua aliyeendelea kunifundisha ni jirani yetu, bibi kizee mjane tuliyemwita Dani Rosalia. Dani ni bibi. Kazi ya kukwangua ilikuwa yangu, na ukungu ulikuwa unaingia kwenye kucha usitoke hata kwa majivu.

Pamela alipofunua lundo la kwanza alilolikuta nyumbani alipiga ukelele. "Mnakula hii? Hii hata mbwa wa kwetu hali!" Alilitupa lote, lile lililokuwa limeshalala siku zake zote nne, chakula cha wiki mbili, akaliachia kuku. Mwaka wa njaa! Baba aliporudi akakuta hakuna kitu, alipiga meza. Hakumwambia Pamela amekosea. Alisema, "Mimi kesho kutwa nataka kuona ugali hapa. Mtajua wenyewe." Ndivyo alivyokuwa. Alitaka ugali, njia ya kufikia ugali ilikuwa ya wanawake, na mpaka leo nawaona wanaume wengi wa aina yake wakikaa mezani kama abiria.

Basi kesho yake Pamela akachimba muhogo mwingine. Alikuwa mwanamke wa bidii, siwezi kumsingizia. Aliumenya ukawa mweupe kama jino, akauosha maji matatu, akaukatakata vipande vyembamba, akauanika nusu siku, na jua lilipopungua akaumalizia kwenye chanja juu ya moto. Alikuwa anaimba. Nilisimama karibu naye nikasema, "Mama hakufanya hivi. Unalala kwanza." Akanitazama, si kwa ubaya, akasema, "Awino, wewe unataka kuendelea kuchekwa shuleni? Mimi nataka mnuke kama watoto wa watu." Na mimi nikanyamaza. Hakunipiga, hakunitisha. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Nilitazama kucha zangu nikawaza kwamba hii kazi imekwisha.

Dani Rosalia alipita asubuhi iliyofuata, tukiwa tunavikusanya vile vipande kwenye beseni. Akasimama kwa fimbo yake, akachukua kimoja akakikunja. Kikapinda. Akavitazama vyote kwa muda mrefu, akauliza, "Hivi vimelala lini?"

"Vimelala kwa moto, Dani," Pamela akasema akicheka.

"Nyar Oyugis, huu si muhogo wa mama yako. Huu unalala."

"Dani, wewe nenda ukalale nao basi. Mimi nina watoto wa kulisha."

Dani akanigeukia. "Nyathina," mtoto wangu, "si wewe unajua?" Nikainamia beseni kana kwamba kuna kitu nimeangusha. Akaondoka polepole, akigeuka mara mbili kututazama.

Tulibeba beseni mpaka kwa Ochola, mwenye mashine ya kusaga. Huyo ndiye ninamkasirikia mpaka leo kama jambo la jana. Alikuwa amesaga muhogo wa kijiji kizima miaka kumi, aliujua kwa kuugusa. Alitia mkono kwenye beseni, akaunusa, akasema, "Huu mbichi, utaniziba chujio." Angeishia hapo! Angesema rudini nao nyumbani, basi. Lakini alikuwa na foleni fupi siku ile ya njaa, hakutaka kupoteza hata senti zetu, akauchanganya na mtama wetu kidogo ili usizibe, akausaga. Alijali chujio lake.

Ugali ulipikwa mchana. Ulikuwa mzuri, niseme ukweli, mweupe kiasi, laini, hauna harufu hata chembe, na Pamela aliuweka katikati na omena ya nyanya akatutazama tukila kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ulikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Mimi nilikula kiasi. Anyango, ambaye siku mbili alikuwa amekunywa uji mwepesi tu, alikula mpaka tumbo likang'aa, akaomba tena, akapewa, akasema, "Huu hauna manyoya." Tulicheka sote. Pamela alikwangua sufuria akala ukoko.

Jua halijasogea sana, kichwa kikaanza kunigonga. Nikatapika mlangoni. Pamela akatapika nyuma ya jiko akiniita nimshike. Miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Anyango hakutapika. Alilala tu kwenye mkeka, akawa anapumua kwa haraka, kisha si kwa haraka. Baba aliitwa kutoka sokoni akamfunga mgongoni, akaendesha baiskeli mpaka zahanati. Alirudi naye kabla jua halijatua, amefunikwa mpaka usoni. Hakuwa ameharakisha kurudi.

Daktari wa zahanati, kijana, alikuwa ameuliza mtoto alikula nini, na alipoambiwa akasema neno moja: muhogo. Baba alisimulia hilo kwa dharau mbele ya watu waliojaa uani. Kijana wa juzi atatuambia nini kuhusu muhogo, sisi tuliokula muhogo tangu babu? Na watu wakaitikia. Kwetu, mtu akiugua tumbo mara tu baada ya kula, watu hawaulizi alikula nini. Wanauliza nani alikitazama chakula. Kuna jicho linaloitwa sihoho, wanasema, jicho la mtu likiangukia chakula chako kinageuka tumboni. Ndiyo maana wanawake wetu hufunika sufuria mgeni akipita. Baba akachuchumaa mbele yangu, mimi nimelala bado natetemeka, akauliza kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Awino, nani alitazama chakula?"

Nikasema, "Dani Rosalia."

Ilikuwa kweli. Alitazama. Uongo ungekuwa afadhali. Pamela alikuwa pale, ameegemea ukuta, na alisikia, na alikuwa anajua, maana niliona macho yake yalivyonijia halafu yakakimbia. Hakusema kitu. Naye Ochola alikuwa pale na kofia yake mkononi. Hakusema kitu. Watu walitoka uani kama maji yaliyofunguliwa, wakaenda kwa yule bibi kizee. Hawakumpiga, wanajisifu mpaka leo kwamba hawakumpiga. Waliingia jikoni mwake wakauzima moto wake kwa maji. Toka siku hiyo akipita njiani unasikia vifuniko vinagonga sufuria, nyumba kwa nyumba, kama mtu anapiga matoazi. Hakukamilisha mwezi. Akahamia kwa binti yake aliyeolewa Lambwe, na tulipata habari za kifo chake baada ya kuzikwa.

Mimi niliacha shule kupika, kwa sababu Pamela hakugusa sufuria tena mwaka mzima. Nilirudi kulaza muhogo siku nne, nikakwangua, na hakuna aliyetapika nyumbani kwetu tena, na hakuna hata mtu mmoja mwenye akili aliyejiuliza kwa nini. Basi nawataja. Obonyo, baba yangu, aliyetaka ugali. Pamela, aliyejua akanyamaza. Ochola na chujio lake. Na Awino, mtoto wa miaka kumi, ndiyo, lakini mtoto aliyejua. Wakati wa mazishi ya Ochola nilisimama nikasema haya mbele ya watu, na mzee mmoja akaniambia niketi, hayo ni mambo ya kale.

Ya kale! Juzi nilipita kwa Millicent, mke mdogo wa jirani, ameolewa mwaka jana. Nikaona vipande vyeupe pe vimeanikwa juu ya bati. Nikamuuliza vimelala siku ngapi. Akanionyesha simu: osha, katakata, anika, saga. Rahisi. Watoto wawili wa shemeji yake walikuwa wanazunguka pale wakiokota vipande na kulamba. Nikachukua kimoja, kikapinda. Nikaendelea kuvitazama, labda zaidi ya inavyofaa, na Millicent akavuta gunia taratibu akavifunika. Akawaita watoto waingie ndani.

Nimeishi kijiji hiki miaka yangu yote. Najua maana ya gunia lile. Mtu mwenye adabu hapo anaaga anakwenda zake. Mimi nilikaa chini, palepale kwenye vumbi la uwanja wake, nikafunua gunia, nikaanza kusema, na nilisema kwa sauti mpaka watu wa barabarani wakasimama. Millicent akanijibu. Aliniita mwenye jicho. Aliniita tena, akiwa analia. Nikamwambia aniite apendavyo, mimi naangalia tu, sina haraka. Mara ya tatu alifungua mdomo, akawatazama wale watoto mlangoni, akaniuliza kwa hasira, "Haya, siku ngapi?"