Njuga za Baba na Kadi Ndogo ya Simu

Mwanangu, kabla hujabonyeza hapo kuzibana hizo nyimbo ziwe faili ndogo, ngoja kwanza. Nakumbuka harusi moja pale Myanga, nikiwa msichana bado, na mpaka leo nikiiwaza mwili unanisisimka.

Baba yangu alikuwa mpiga litungu, kile kinubi chetu cha nyuzi, kule Kabuchai. Akifunga njuga miguuni na kuzishika zile nyuzi, hata wale wanaojifanya wameokoka sana walitikisa mabega. Kisha akapata kiharusi, mikono ikagoma. Kilichobaki ni nyimbo alizorekodi studio, na nakala pekee ilikuwa kwenye kompyuta ya kaka yangu Barasa, aliyekuwa na kibanda Kitale cha kuwawekea watu nyimbo kwenye simu.

Barasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama wewe. Wateja walitaka nyimbo nyingi kwenye kadi ndogo, basi akazibana za Baba kuwa MP3, kwa kiwango cha chini kabisa. Akazisikiliza kwa spika ya simu, akaona ziko sawa. Halafu akafuta zile za asili ili kompyuta ipate nafasi. Alizifuta zote, mwanangu.

Harusini spika zilikuwa ndefu kunishinda. Wimbo wa Baba ulipoanza, nilishtuka nikaweka sahani chini. Njuga hazikulia. Zilichemka, kama maji kwenye sufuria, na zile nyuzi nyembamba hazikusikika kabisa. Nao watu walicheza tu na kupiga vigelegele, hakuna aliyeona kasoro. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameziba sikio moja kwa kuligandamiza begani, akajaribu la pili, akawaangalia wachezaji huku machozi yakimtoka.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "mikono ilienda. Kumbe hata masikio imeenda."

Nilimtafuta Barasa nikamweleza, naye akakimbilia Kitale bila hata kuaga maharusi. Kesho yake akaja nyumbani ana furaha tele. Alikuwa amezigeuza upya zilezile nyimbo zilizobanwa, kwa namba kubwa kabisa ya kilobiti, na kweli faili zilikuwa zimenenepa. Akamvisha Baba hedifoni. Baba akasikiliza kidogo, akaomba zivuliwe, akainamisha kichwa. Yalikuwa ni maji yaleyale yanayochemka. Sasa akawa na hakika kwamba yeye ni kiziwi, akatuomba tusimsumbue tena na muziki.

Maneno hayo yalinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Niliona tukinyamaza tutamzika akiwa hai. Nikamwambia masikio yake ni mazima, ni nyimbo zilizoharibika. Barasa akapiga magoti akaeleza yote, na sote tukangoja laana. Baba akaagiza litungu lishushwe ukutani, akaelekeza kwa kidevu liwekwe mapajani mwa Barasa.

"Masikio niko nayo," akasema. "Wewe leta mikono."

Basi Barasa akaanza kujifunza, Baba akimkosoa uzi kwa uzi, siku nyingine kwa matusi yasiyofaa kurudiwa mbele yako. Alipiga vizuri mwishowe. Lakini vidole vya Barasa si vya Baba, na vidole vya Baba hatutavisikia tena. Hilo linaniuma hadi leo, sitakuficha.

Kwa hiyo nisikilize, si eti wazee tunapenda kusumbua. Wimbo wa asili uhifadhi mzima, kwa WAV au FLAC, faili zisizokata sauti, hata kama itabidi utafute diski nyingine. Nakala ya simu itoe kwenye huo wa asili, usiitoe kwenye nakala nyingine. Mahubiri, kwa kuwa ni sauti ya mtu anayesema tu, yanavumilia kubanwa. Njuga na nyuzi hazivumilii. Ziwekee kilobiti mia mbili hamsini na sita kwa sekunde, halafu usikilize kwa spika kubwa, wala usiamini ya simu. Kilichokatwa hakirudi kwa kuongeza namba. Na usifute cha asili kwa sababu ya nafasi. Futa mengine, hata picha zangu futa.

Mungu akupe masikio ya Baba yangu, mwanangu. Na siku mikono yako itakapochoka, akupe mtoto wa kukuazima yake.