Mawese ya Kunyolea

Nikijipaka mawese ili ninyoe ndevu, mke wangu huchungulia mlangoni: “Weye, unajinyoa ao unajikaanga?”

Mimi naendelea kujipaka tu. Harufu ile imeshanirudisha Songo nilikokulia, uani kwetu, siku ya kumaliza matanga ya nyanya. Baba alikuwa amemzika mama yake bila kutoa chozi, na sote tulimwogopa. Mama alipasha mawese, akanipa kikombe chake nishike, akachukua wembe amnyoe kichwa kama ilivyo desturi.

“Inama, muzee. Kichwa yako iko nguvu sawa jiwe.”

Baba akainama, machozi yakamtiririka.

“Mafuta imeingia mu macho,” akasema.

“Ndiyo, baba,” Mama akaitikia, akampangusa kwa kitenge.

Mafuta yote yalikuwa bado kikombeni, mikononi mwangu.