Padi Iliyotetemeka Mezani

Kabla hujaiwasha, padi ya mashine mpya ya gemu, ile inayoshikwa kwa mikono miwili kuchezea, haina maajabu. Ni nyeupe, ni nzito kuliko ile ya zamani, na mikono yake imenenepa kidogo ikajaa kiganjani. Mimi ni fundi wa simu mjini Kakamega, na padi za zamani nimezifungua nyingi kuliko nilizozicheza, kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuipindua nitafute skrubu. Hazikuonekana. Nikapitisha kidole gumba upande wa nyuma, mahali vidole vinaposhika, nikahisi ukwaruzo mwembamba. Nilipomulika kwa tochi ya simu niliona si vipele vya kawaida. Zilikuwa alama ndogo sana, pembetatu, duara, msalaba, mraba, mamia kwa mamia. Kuna mtu aliyeketi mahali akaamua kwamba viganja vya watu vitasuguana na alama zile bila wao kujua. Sisemi ni vibaya. Nasema sikupenda.

Sanduku lake lilikuwa limekaa juu ya kabati la mama, huko Lurambi ninakoishi naye, mwaka mmoja na zaidi. Lilikuwa la kaka yangu. Aliagiza mashine hiyo kupitia rafiki yake aliye ng'ambo, akawa anaizungumzia kila siku mpaka tukachoka, na ilipofika tulikuwa tumeshamzika wiki mbili nyuma. Pikipiki yake iliingia chini ya trela la miwa lililosimama bila taa kwenye barabara ya Malava. Matangani shangazi yetu, senge kama tunavyomwita, dada mkubwa wa baba na mwenye kauli katika mambo ya ukoo, alitoa amri moja tu. Aliyechukuliwa na barabara, mtoto hapewi jina lake. Wala jina hilo lisitajwe kwa sauti katika nyumba yenye mtoto mchanga, maana litakuja na barabara yake. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Niliitikia.

Mwanangu alizaliwa, akapewa jina la kanisani, likaandikwa kwenye kadi ya kliniki. La nyumbani hakuwa nalo. Kwetu mtoto akilia bila homa wala njaa, wazee husema kuna mmoja wa waliotangulia anayetaka kurudi. Basi nyanya humpakata na kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mimi nilisoma umeme, mambo hayo nilikuwa nikiyacheka. Lakini tangu mwezi wake wa tatu mwanangu alilia kila siku ikifika saa kumi jioni, akalia mpaka sauti ikakauka. Kliniki walimpima, wakasema hana kitu. Alikuwa akikonda. Alipofikisha miezi saba mikono yake ilikuwa imelegea, na kicheko nilikuwa nimekiacha zamani. Mama alimaliza majina ya upande wetu, akaomba ya upande wa mume wangu, akayamaliza pia. Lilibaki moja. Sote wawili tulilijua, na hakuna aliyelisema.

Jumamosi moja mchana nikapiga moyo konde nikaliteremsha sanduku. Nilijiambia nataka kujua padi hizi zimetengenezwaje, kwa sababu siku si nyingi zitaanza kuletwa kibandani kwangu zikiwa mbovu. Uongo mtupu. Nilikuwa nimemkumbuka kaka yangu mpaka kifua kikauma, na sikuwa na kitu kingine chake ambacho shangazi hakuwa amekigawa.

Niliunganisha mashine na runinga ya mama pale sebuleni. Niliingia kwa akaunti yake, maana neno lake la siri mimi ndiye niliyemtungia. Kulikuwa na gemu moja iliyokuja ndani ya mashine kwa ajili ya kuonyesha padi inaweza nini, kijitu cha chuma kinachotembea tu huku na huku. Nikaanza kukitembeza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hiki si kile nilichokizoea. Padi ya zamani ina mota mbili zenye vyuma vya upande mmoja. Zikizunguka, mkono wote unatikisika. Hii haitikisiki hivyo. Kijitu kilipokanyaga mchanga, nilihisi mchanga. Kilipopanda kwenye kioo, nilihisi kisigino kikigonga kioo, kushoto, kulia, ndani ya viganja vyangu, kama vile kuna mtu mdogo anayetembea kati ya mikono yangu miwili. Kitufe cha mbele, kile kinachovutwa kwa kidole cha shahada, kilinikatalia. Nilikivuta, kikafika nusu kikakaza, na kilikaza kwa nguvu inayopanda na kushuka, kama kuna aliyekishika upande wa pili. Najua ni gia ndogo na mota ya kuisukuma. Nilikiachilia haraka hata hivyo.

Kisha mvua ikanyesha kwenye gemu. Matone niliyahisi moja moja, mepesi, hapa na pale, ngozi ya viganja ikanisisimka. Nikiwa bado nashangaa, mabati juu yetu yakaanza kugonga. Mvua ya Kakamega haina adabu, ikifika jioni inakuja tu, na sebule ikawa giza kama mtu amefunika dirisha kwa blanketi. Nilitazama saa ya simu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja.

Mtoto akaanza kulia.

Mama alitoka naye chumbani, akaketi, akampakata. Niliweka padi juu ya meza ya mbao nimsaidie, nikakiacha kijitu kimesimama kwenye mvua yake. Padi haikutulia. Iliendelea kutetemeka peke yake, na juu ya mbao mtetemo ule ukapata sauti, mlio mwembamba unaopanda na kushuka.

"Hiyo kitu nayo inalia," mama alisema.

"Ni mvua ya gemu, mama. Itanyamaza."

Mama alikuwa amemwinamia mtoto. Alikuwa ameshaanza kutaja majina. Alimtaja babu yetu, akanyamaza kidogo kama ilivyo ada, kumpa mtoto nafasi ya kuitikia. Katika kimya kile padi ilivuma. Akamtaja kukhu, nyanya aliyemlea yeye mwenyewe. Akanyamaza. Padi ikavuma. Akamtaja mjomba aliyefia kazini kiwandani, na dada yake aliyekufa akiwa mchanga. Kila aliponyamaza niliisikia, na kila nilipoitazama ilikuwa imesogea. Kitu kinachotetemeka juu ya meza lazima kisogee, hilo hata mtoto wa shule anajua. Lakini meza ile ina pande nne, na padi ilikuwa inaelekea upande aliokaa mama na mwanangu.

"Izime," mama aliniambia, macho yakiwa juu ya padi.

Niliinyoshea mkono. Radi ikapiga karibu sana, stima ikapotea.

Runinga ilizimika, mashine ilizimika. Padi, kwa kuwa ina betri yake, ilibaki. Mtetemo ulikoma, lakini taa yake ya bluu ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ukutani, juu ya uso wa mama, juu ya mdomo wa mwanangu uliokuwa wazi.

"Sasa inatafuta nini?"

"Mashine yake. Imeipoteza."

"Inatafutanga hivyo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ichoke," nikasema, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nikamtazama mtoto. Mama naye alikuwa anamtazama. Sauti ilikuwa imemwishia. Alikuwa bado analia, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka, bila sauti yoyote. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kuogopa vile, hata siku walipotupigia simu kutoka Malava.

Stima ilirudi. Nilibonyeza kitufe cha katikati ya padi, nikitaka tu mwanga, nikitaka kelele yoyote ijae ile sebule. Runinga ikawaka. Mashine ikauliza kwa Kiingereza nani anacheza, na chini ya swali kulikuwa na jina moja peke yake, kwa herufi nyeupe, vile kaka yangu alivyoliandika mwenyewe siku alipofungua akaunti.

Mama hasomi bila miwani. "Imeandika nini?"

"Inauliza nani anacheza."

"Na hapo chini?"

Nilimtazama mtoto.

"Hapo chini, mwanangu, imeandika nini?"

"Senge alikataa."

"Senge hako hapa. Angalia huyu mtoto." Alimwinua kidogo ili nimwone vizuri, kana kwamba nilikuwa naangalia kitu kingine. "Soma."

Nikasoma. Mara ya mwisho kulisikia ilikuwa kaburini, mchungaji akilisoma kwenye karatasi. Lilitoka kwa shida, nikalirudia liwe wazi. Mikononi mwangu padi ikatetemeka mara moja, kifupi, kama hatua moja. Mwanangu akafunga mdomo.

Mimi ni fundi, si mganga. Tangu siku hiyo nimeiwasha mashine ile mara nyingi, nimefika kwenye swali lile na jina lile, nimeishika padi kwa mikono miwili nikangoja. Haitetemeki pale. Nimesoma mwongozo wote, nimeuliza mafundi wenzangu. Hakuna sababu ya kutetemeka pale.

Mama alimrudishia jina lile sikioni, polepole, akimwambia karibu. Mtoto alinyonya, akalala mpaka asubuhi. Siku iliyofuata ilifika saa kumi, ikafika saa kumi na moja, akawa anacheza na kijiko. Akanenepa. Shangazi alipokuja kututembelea na kusikia anaitwa nani, aliweka kikombe cha chai chini bila kukimaliza. Hakugomba. Alitazama nje, akauliza lango letu linafungwa kwa kitu gani.

Wakati ule sikumwelewa. Sasa namwelewa. Mwanangu ameanza kutembea, na sijui kwa nini, hana hamu na kuku, wala shamba, wala jikoni alipo nyanya yake. Ukimweka chini anageuka kuelekea lango, kuelekea barabara, na anatembea kwa haraka kuliko mtoto wa umri wake. Matrekta ya miwa hupita pale mchana kutwa. Nimeweka komeo, nimeweka na kufuli juu ya komeo, lakini wageni huja na wageni husahau.

Juzi mmoja alisahau. Niliinua kichwa kutoka kwenye beseni la nguo nikamwona yuko nje ya lango, hatua tatu kutoka kwenye lami, na trekta linakuja. Nisingemfikia kwa kukimbia. Kilichotoka ni jina, lile lile, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Alisimama. Akageuka, akanitazama kama mtu aliyekatizwa jambo, trekta likapita nyuma yake na upepo wake ukamvuta fulana. Kila mara nikiliita anasimama. Mpaka leo anasimama.