Nilipika Mbegu ya Mama Mkwe

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilipika ugali wa mbegu! Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka kidogo.

Nimezaliwa Makole, mjini, nikaolewa kijijini upande wa Buigiri. Mimi ni mtu wa aibu, jamani. Hata shikamoo yangu watu huisikia nikirudia.

Siku moja mama mkwe na wifi walikwenda mnadani, nikaachwa nipike. Unga umekwisha! Ghala liko chumbani, na baba mkwe amekaa mlangoni anasuka kamba. Nimwombe anipishe? Mimi? Bora nife!

Nikatazama juu ya mafiga. Masuke ya uwele yananing'inia kwenye kamba, meusi kwa moshi. Nikasema moyoni, hawa watu wanaacha chakula kinaharibika! Nikayashusha yote. Nikapura, nikapepeta, nikaosha masizi, nikaanika, nikasaga kwenye jiwe.

Waliporudi tukala, na ugali ulipendwa! Baba mkwe akaongezewa. Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, unga umeutoa wapi?"

Nikanyoosha kidole juu.

Wote wakatazama. Kamba tupu!

"Yesu wangu," mama akasema. "Tumekula shamba."

Wifi akajishika kiuno. "Basi tuombe mvua inyeshe tumboni!"

Kumbe ile ilikuwa mbegu, inawekwa kwenye moshi isiliwe na wadudu. Tena uwele ule una ndevu zinazochoma, ndege hawautaki. Mama alipewa na mama yake, na kijijini hakuna mwingine aliyebaki nao. Mawingu yalishaanza kukusanyika.

Jirani akatugawia mbegu yake. Ya kipara, isiyo na ndevu! Uwele ulipozaa, ndege walikuja kama wamealikwa. Na nani akae shambani kuwaamia, kuwafukuza alfajiri hadi jioni? Bibi harusi!

Siku ya kwanza nilisema "shuu" polepole. Ndege wakanitazama, wakaendelea kula. Mama mkwe akapita njiani. "Mwanangu, unawakaribisha?"

Nikajifunza kupiga kelele, sauti ikafika barabara kuu. Lakini sehemu kubwa walikuwa wamekula wao, na mbegu ile ya ndevu haikurudi. Hiyo ndiyo inayoniuma. Mama hajanigombeza hata mara moja, ila kila nikipakua ugali ananiuliza, "Huu tule, au tupande?"

Wenzangu mnaoolewa, ulizeni! Ukiona aibu kusema na mkwe, utasema na ndege.