Karani Aliyekumbukwa na Kompyuta ya Kinu

Nimeambiwa nikiwa natoka kanisani hapa Bariadi: yule karani wa ghala la kinu cha pamba amefariki, na wamekwisha kumzika kwao Lingeka. Mimi ninayejua habari za mji huu kabla hazijatokea, nimekuwa wa mwisho! Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe walioko mbali Lamadi; akitusalimu "Mwangaluka!" asubuhi, hata marobota ya pamba yalitaka kuitikia.

Tulifanya kazi pamoja. Ushirika ulipomuuzia tajiri kile kinu, soko huria lilituletea kompyuta na barua za kupunguzwa kazi karibu kwa gari moja. Majina ya wafanyakazi yalitunzwa kwenye mashine kubwa ya Maswa. Hii ya kwetu ilijiwekea nakala, ili laini ya simu ikikatika kazi isilale. Mwenzangu akapunguzwa, Maswa wakamfuta. Lakini laini ilikuwa imekatika, habari hiyo haikuifikia mashine yetu. Kesho yake akaja kama kawaida, akaandika jina na neno lake la siri, mashine ikamfungulia.

"Bhabha, umeona?" akaniambia, uso unang'aa. "Barua imekosewa. Mashine itamfunguliaje mtu asiye na kazi?"

"Hiyo inakumbuka ya zamani tu. Maswa wameshakufuta."

"Nyamaza, msomi wa jioni! Wewe kompyuta umeisomea ubaoni."

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka kuliko wote, maana ilikuwa kweli: kwenye masomo yangu ya jioni kompyuta tulichorewa kwa chaki. Meneja alikuwa safarini, hakuna wa kumzuia. Akaendelea kuandika marobota yanayotoka. Kaka yake akatuma mtu kutoka Lingeka: mvua imenyesha, sehemu yako ya shamba inakungoja, njoo upande. "Mwambie nina kazi," akajibu.

Laini ilipotengenezwa, mvua za kupandia zilikuwa zimepita. Aliandika jina lake, mashine ikakataa. Akarudia polepole, kisha akaniita, kwa sauti ndogo nisiyoijua.

"Hebu nisomee. Nimekosea herufi gani?"

"Hujakosea, bhabha."

Mwaka ule hakuvuna kitu, na sauti ile haikurudi tena. Tuliimbiwa kwamba mabadiliko yana machungu ya muda mfupi. Labda. Ila nimeona kuwa anayefukuzwa waziwazi huweza kushika jembe akiwa analia. Anayeachwa akidhani bado yumo, msimu humpita ameketi.