Marehemu Havai Kofia

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Keza, hapa Ngara mpakani mwa Burundi, wakinisikia naimba majeneza na makaburi hudhani sijui kuogopa. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa simu inayoita kabla watu hawajanywa chai. Zaidi ya yote naogopa watu wengi wanaponyamaza kwa pamoja. Woga huo nimeurithi kwa bibi yangu mzaa mama, mwanamke mwenye macho mekundu.

Macho yake yaliharibiwa na moshi. Kwao, upande wa Shinyanga, kuni ni haba, kwa hiyo alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, miaka nenda miaka rudi. Zamani hizo jicho jekundu la mwanamke mzima lilitosha kumpa jina la mchawi, na jina hilo likishatoka, panga halikuwa mbali. Bibi aliondoka na sufuria moja na kitenge kimoja, akamshika mkono mama yangu aliyekuwa na mimba yangu, wakahamia Nyarubungo, Biharamulo, walikokuwa wametangulia Wasukuma wengine waliokuwa wakitafuta malisho. Kwa nini jina lile lilimwangukia yeye na si jirani yake mwenye macho kama yake, hakuwahi kunisimulia. Nikimwuliza, alikuwa anachochea moto.

Nilipokuwa mkubwa nilikuja Keza kushona sare za shule, na mama alipofariki nikamchukua bibi, tukapanga chumba nyuma ya gereji ya pikipiki. Mwanzoni niliimba kwaya ya kigango. Walinitoa. Nilikuwa naongoza wimbo wa maziko, ikaniponyoka sauti nzito isiyo ya kanisani, sauti ya kuburuza, na waombolezaji wawili wakacheka huku wakilia. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mjane, mkulima wa migomba na maharage, aliniambia mbele ya watu kwamba kifo si mchezo, niende zangu. Nikaenda zangu. Sikwenda mbali, maana gereji ilikuwa ukutani kwangu.

Fundi wa gereji alikuwa na gitaa la umeme alilopokea kwa mteja aliyehama na hakurudi. Alikuwa pia na memori kadi iliyosahaulika ndani ya simu mbovu, imejaa bluzi na roki za watu wasiojulikana, gitaa zinakwaruza kana kwamba zinapigwa kwa msumeno. Nilisikiliza hadi nikaota. Tukatengeneza amplifaya kutoka kwenye redio iliyokufa, tukaiunga kwenye betri ya pikipiki, fundi akapiga debe la oili kwa spana, nami nikachanganya mikwaruzo ile na nyimbo za maombolezo za bibi. Redioni hatukupigwa, harusini hatukualikwa. Wasikilizaji wetu walikuwa bodaboda, na bodaboda ni watu wanaoujua msiba kwa karibu.

Wimbo wa kwanza nilimwimbia fundi mwenyewe, akiwa hai na mikono yake myeusi:

*Mlazeni chali, ndivyo alivyozoea,*
*chini ya vyuma vya watu mchana kutwa.*
*Mwacheni na spana yake mkononi,*
*kaburi likicheza atalikaza bolti.*

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kuanzia hapo kila dereva alitaka wa kwake. Niwe mkweli: niliwaimbia kwa sababu walipocheka woga wangu ulipanda kwanza, kisha ukapungua, na ule upungufu ndio niliokuwa naufuata.

Ikazuka na desturi, sijui nani aliianzisha. Dereva akitaka kwenda safari ndefu anakuja gereji, naimba beti zake, fundi anapiga resi injini mara tatu, halafu waliopo wanampa mkono yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na kumwambia, poleni na msiba. Naye anajibu kwa uso wa huzuni, tumeshapoa. Anawasha, anaondoka.

Ungekuwa utani tu kama si dereva mmoja kuteleza kwenye mteremko na kuingia chini ya lori la ndizi, akatokea upande wa pili amepoteza kiatu kimoja. Alieleza kijiwe kizima kwamba kifo kilimjia, kikakuta ameshazikwa gereji, kikaona aibu kuondoka mikono mitupu, ndiyo maana kikabeba kiatu. Tulicheka sote. Wiki chache baadaye kijana mmoja aliyekuwa hajaimbiwa aligongwa, akafa palepale. Alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kwaya. Mama yake ndiye aliyemkataza asije kwangu.

Hapo ndipo kicheko kilipobadilika. Walianza kuja asubuhi na mapema, wananyamaza nikiimba. Halafu wakaanza kuacha kofia zao ngumu. Nilimwuliza mmoja kofia yake iko wapi, akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto, akasema marehemu avae kofia ya nini. Nilirudi kwenye cherehani yangu, nikashona mkono wa shati la shule mahali pa shingo.

Nilijaribu kuacha. Nilisema nyuzi za gitaa zimekatika. Walileta nyuzi. Nilisema koo linauma. Waliniletea tangawizi na asali, wakasubiri.

Asubuhi moja, saa mbili hivi, mwenyekiti wa kwaya alisimama mlangoni pangu na kuku wa kienyeji kwapani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nyuma yake, barabarani, mwanawe wa mwisho alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, anainamisha kichwa kwa haya. Mama alisema kijana anakwenda Nyarubungo kupeleka mzigo, atapita pori, atarudi leo leo. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi langu lenye vipande vya uzi. Mwanamke wa umri ule, kwangu mimi.

"Mmoja nilimkataza," alisema. "Huyu amebaki peke yake. Mwimbie, mwanangu, arudi."

Ningeweza kumwambia ukweli. Ukweli ulikuwa mfupi: mama, wimbo ni wimbo, mvalishe kofia. Lakini kumwambia hivyo kulikuwa pia ni kumwambia kwamba yule wa kwanza alikufa bure tu, hivi hivi, na sikuwa na ujasiri huo. Nikafikiri na la pili, nalo ni la aibu: nikiimba akafa, nimemloga, nisipoimba akafa, nimemloga vilevile. Nilichukua gitaa.

*Lieni taratibu, marehemu anasikiliza,*
*akisikia mnavyomsifu ataona mmekosea kaburi.*
*Alikula ndizi za watu, akasifia kwa mdomo umejaa,*
*mwacheni apumzike, migomba nayo ipumzike.*

Mama hakucheka. Alifumba macho, akashika rozari. Fundi akapiga resi mara tatu. Mama akampa mwanawe mkono na kumwambia poleni na msiba, naye akajibu tumeshapoa, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa. Halafu akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari wangu, ule ninaotundikia gitaa.

Nilimkimbilia. Nilimwambia avae, nilimshika mkono, nilimwambia ule ulikuwa utani. Alicheka, akautoa mkono wangu kwa adabu, akasema, "Dada, usijishushe." Akaondoka kichwa wazi, na mama yake akampungia hadi kona ya migomba ikamficha.

Siku ile sikushona. Nilikaa nikiitazama kofia. Ilikuwa nyekundu, ina mkwaruzo upande wa kushoto, na ndani yake jasho lilikuwa halijakauka. Nilijiambia barabara ya porini siku hizi imetulia, si kama zamani magari yalipokuwa yakisindikizwa na askari. Nilijiambia anajua kuendesha. Saa nane mvua ikaanza kunyesha. Saa tisa nilimpigia, simu haipatikani. Simu yangu yenyewe ilikuwa imeshika mtandao wa Burundi, inanikaribisha kwa ukarimu nchi nisiyokuwapo, na kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba labda ni wazo zuri.

Saa kumi, wakati alioahidi kurudi, hakurudi. Madereva walianza kukusanyika gereji mmoja mmoja, wakaegesha chini ya bati. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama yake alikuja na mwavuli, akakaa kwenye benchi lililoelekea mlango wangu, akaliweka fundo la khanga mapajani na kunitazama. Hakunitazama kwa chuki, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama mtu anavyomtazama karani anayejua jina lako limo au halimo kwenye orodha. Bibi alikuwa ndani, anachambua maharage, na nilisikia mkono wake ukisimama.

Nilikuwa nimeshahesabu. Mlango wa nyuma, hatua kumi na mbili hadi kwenye migomba, kisha njia ya miguu iteremkayo bondeni. Mimi ningeweza kukimbia. Bibi asingeweza. Nilivaa viatu vya kufunga kamba, nikavifunga, nikakaa navyo kitandani. Fundi alipiga debe kidogo kwa kidole ili kuvunja ukimya, mtu akamwambia aache.

Nikasikia lori, nikatoka hadi mlangoni. Jua lilikuwa linazama na mvua imebaki manyunyu, likaja lori la mahindi limewasha taa, na juu ya magunia ilikuwako pikipiki iliyofungwa kamba, na kando ya pikipiki, amelowa, ana mkwaruzo kwenye kipaji na anatabasamu, alikuwako yeye. Mnyororo ulikatika porini, alisema, akaanguka. Alionyesha kwa viganja umbali kati ya kichwa chake na jiwe. Ulikuwa umbali wa kitabu cha sala. Simu ilikufa kwa maji, akasubiri lori.

Madereva walipiga honi zote kwa pamoja. Walimpa mkono, poleni na msiba, poleni na msiba, naye anajibu tumeshapoa huku anacheka. Mama yake hakwenda kwake kwanza. Alikuja kwangu, akainama kwenye matope, akashika vile viatu vyangu vya kukimbilia, akaviwekea paji la uso.

Kesho yake asubuhi nilifungua mlango nikakuta mkungu wa ndizi, maharage kwenye kikapu, na yule kuku wa jana pamoja na mwenzake. Ukutani mwa gereji zilikuwa zimetundikwa kofia. Nilihesabu kumi, na ile ya msumarini kwangu ya kumi na moja. Madereva walikuwa wamejipanga na pikipiki zao, vichwa wazi, wananisubiri mimi niimbe ili siku ianze.

Niliona vichwa kumi na moja na mawe yote ya barabara ya Ngara. Maneno ya kweli nilikuwa nimeshayatumia, hayakumvalisha mtu kofia. Nikatafuta mengine. Nikasimama kwenye kizingiti, nikaishusha sauti hadi pale iliponiponyoka siku ya kwaya, ila safari hii niliishusha kwa kusudi.

"Niliowazika mimi, nimewazika na kofia zao," nilisema. "Atakayeivua, nitamfukua."

Nilitegemea mmoja wao acheke. Nilikuwa naomba mmoja wao acheke. Fundi mwenyewe alitazama chini. Walikwenda ukutani mmoja mmoja, wakachukua kofia, wakavaa, wakafunga mikanda ya kidevu vizuri kabisa. Hakuna aliyeniangalia machoni. Yule aliyenusurika porini, pikipiki yake imeshafungwa mnyororo mpya, alichukua yake kwenye msumari wangu, na alipopita karibu nami alijibana ili shati lake lisiniguse.

Nilirudi ndani. Bibi alikuwa amemwaga maharage kwenye sufuria ile ile aliyokuja nayo kutoka Shinyanga na sasa anaiviringisha kwenye kitenge. Nilimwuliza anafanya nini. Nilimwambia kijana amepona, watu wametushukuru, ona kuku, ona ndizi.

"Na mimi walinishukuru, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita tangu utoto. "Nilikuwa nawatibia watoto wao degedege. Waliniletea mbuzi. Siku moja niliona wanawachelewesha watoto, nikakasirika, nikasema atakayechelewa tena mwanawe atakufa. Walinisikia. Waliwahi wote."

Alifunga fundo, akalivuta kwa meno.

"Hakuna aliyecheka," alisema.

Nje injini ziliwaka, kumi na moja. Kwa kawaida hupiga honi wakipita dirishani kwetu, na bibi hulalamika kwamba wanamwamshia kuku. Nilisimama na gitaa mkononi nikizisikiliza zikipita, moja baada ya nyingine, polepole, hadi ya mwisho, na hakuna iliyopiga honi.