Wayahudi wa Jengo Letu

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu kuona jengo nililokulia, katikati ya mji wa Durban. Siku hizi nafundisha historia Pinetown, na somo la muhula huu lilikuwa watu waliohamia mji huu zamani, wakiwamo Wayahudi. Lifti bado ni mbovu. Tulipanda ngazi kwa miguu, na harufu ya sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi niliyoitarajia sikuisikia.

Ungepita pale enzi zetu sisi Wakongo, rafiki yangu, ungejua ni saa ngapi kwa pua tu. Asubuhi chai ya tangawizi, jioni sombe na bugali. Chini, upande wa barabara, mama alikuwa na saluni ndogo. Jumamosi nilifagia nywele na kuchemsha maji ya kuchovya rasta, huku wateja wakisemeshana Kiswahili cha Bukavu, Lingala na Kifaransa, na nje makonda wa taxi, ndizo daladala za hapa, wakipiga miluzi.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mama wa Kizulu, mkali kidogo. Siku moja alifunga kitabu akatuambia kwamba kabla ya wazazi wetu, mitaa ile ilikuwa na Wayahudi. Walikuja kwa meli kutoka Lithuania, nchi ya baridi, wakikimbia umaskini na kuonewa. Walishona suti, waliuza fanicha. Tulishangaa. Wayahudi tuliowajua ni wale wa Biblia, wa shule ya Jumapili, na mimi nilidhani waliishia humo humo. Mwenzangu mmoja aliuliza kama watu hao waliwahi kumwona Musa. Mwalimu hakucheka. Alitueleza kwamba Myahudi hupigilia kwenye mwimo wa mlango wake kijikasha chembamba, kimeinama kidogo, chenye maneno ya Mungu ndani. Akatuagiza tukifika nyumbani tutazame milango yetu.

Mimi sikuhitaji kutazama. Kilikuwa kwenye mwimo wetu, kimezibwa na rangi juu ya rangi.

Shida ni kwamba wiki ile ile jirani yetu, kiongozi wa kikundi cha sala, alikuwa amekigundua. Jirani huyo ndiye aliyetupokea tulipofika Durban hatumjui mtu, kwa hiyo neno lake lilikuwa zito kwetu. Alisema ni fetishi, dawa ya mtu mbaya, na ndiyo iliyokuwa ikifukuza wateja saluni. Mama alimwahidi kukitupa kabla ya sala ya Jumamosi, iliyofanyika kwetu. Nilipomweleza niliyofundishwa, alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kusuka.

"Nimesikia," alisema. "Lakini iyo kitu itatoka."

Kesho yake nilimweleza mwalimu. Alikuwa amepanga kumwalika bibi mmoja wa Kiyahudi aje darasani wiki iliyofuata. Akampigia simu, akamwomba aje Ijumaa hiyo hiyo.

Bibi alikuja na viatu vya raba na kopo la biskuti za mdalasini. Alizaliwa katika mitaa yetu na sasa alikaa Westville. Darasa zima lilimwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Alisimulia juu ya baba yake mshonaji, na mama yake aliyechekwa madukani kwa Kiingereza chake kibovu. Ndipo mvulana mmoja, aliyekuwa akituuliza sisi Wakongo swali lile lile karibu kila siku, akamuuliza na yeye, "Gogo, mtarudi kwenu lini?"

Bibi hakukasirika. "Kwetu ni hapa," alijibu. "Kule alikotoka baba yangu hakubaki mtu wa kunifungulia mlango."

Hatukuelewa. Jumatatu mwalimu alitueleza taratibu jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyouawa wakati wa vita, na mvulana yule hakutuuliza tena.

Lakini siku ile ya Ijumaa, baada ya masomo, bibi na mwalimu walifuatana nami hadi nyumbani. Mama alikuwa amefunga saluni mapema, na jirani alikuwa naye. Bibi hakuwajua Wayahudi waliowahi kukaa kwetu. Aligusa tu kile kijikasha, kisha akabusu vidole vyake. Mama alinipa swali moja nimuulize: kimeandikwa nini ndani?

Bibi aliyasema maneno yake bila kusoma, kwanza kwa Kiebrania, kisha kwa Kiingereza, na mimi nikatafsiri: kwamba Mungu ni mmoja, na apendwe kwa moyo wote. Sikumaliza. Mama alikuwa ameshayachukua maneno kinywani mwangu, akayaendeleza mwenyewe, kama alivyofundishwa kanisani Bukavu akiwa mtoto.

Jirani aliinuka, akatoka bila kuaga.

"Koko," mama alimwambia bibi, kama tunavyowaita bibi zetu kwa Lingala, "hii ni yenu. Mimi siwezi kutupa neno la Mungu mu takataka."

Alikwangua rangi kwa kisu cha jikoni, akakitoa kijikasha, akampa kwa mikono miwili. Bibi alisema kitakwenda kwa watu wanaojua kukitunza. Alikunywa chai, mandazi hakugusa kwa sababu ya sheria zao za chakula, na mama hakuchukia.

Jirani hakusali tena kwetu. Ngazini walisalimiana, basi. Mama hakumsema vibaya hata siku moja. "Alitupokea," alikuwa akisema. "Iyo haifutike."

Bibi alishafariki, mwalimu amestaafu. Saluni za mtaa ule zilivunjwa na kuporwa wakati wa fujo za kuwafukuza wageni. Jirani alirudi Bukavu, na mama alipelekwa Canada pamoja na wakimbizi wengine. Mimi nilibaki. Haya yote niliwasimulia wanafunzi pale pale mlangoni, wakaandika. Sasa hivi ghorofa ile haina Mkongo hata mmoja.

Tulipokuwa tukishuka, msichana mmoja aliniuliza kama tunaweza kumwalika mmoja wa wale Wakongo wa zamani aje darasani.

Nilimwambia nitampigia simu mama, azungumze nao kutoka Canada. Huko kwake ilikuwa bado alfajiri, lakini yeye huamka mapema.